Umelipa, Lakini Meli Si Yako

Safari ya meli ya kitalii ni ndoto ya wapenzi wengi. Je, unajua yanayokupata ukivuruga amani humo ndani? Mhariri wetu alikwenda Ghuba na mume wake kusherehekea ndoa, akarudi na stori nyingine kabisa.

Kitu cha kwanza walichoninyang'anya ni pasi. Siyo pasi ya kusafiria, hapana, pasi ya kunyooshea nguo. Nilikuwa nimeificha vizuri chini ya sanduku, katikati ya magauni manne niliyoshonesha Kariakoo kwa ajili ya safari, lakini mashine ya ukaguzi pale bandarini Dubai haikudanganyika. Kijana wa usalama akaitoa, akaifunga kikaratasi chenye namba ya chumba chetu, akaniambia kwa heshima zote kwamba nitaipata siku ya mwisho. Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilinuna. Yaani tumelipa hela zote hizi, halafu mtu anichagulie cha kubeba?

Lishike hilo neno, mpenzi msomaji. Tumelipa. Tutalirudia.

Ilikuwa Januari 2023. Ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka mitano, na badala ya kukodi ukumbi na kuwalisha watu pilau, tukaamua mara hii tujipe sisi wenyewe. Usiku saba: Dubai, Muscat, Doha, Abu Dhabi, halafu kurudi Dubai. Kutoka Dar ni mwendo wa saa tano na kitu kwa ndege, na Januari kule hakuna lile joto la kuungua; jioni unahitaji hata mtandio. Meli yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa 15 linaloelea. Lifti, mabwawa, ukumbi wa muziki, baa zisizohesabika, na migahawa ambayo haichoki kukulisha. Siku ya kwanza nilitembea kama mtoto aliyepelekwa Sabasaba, mdomo wazi.

Kabla hujakanyaga ngazi wanakupiga picha na kukupa kadi. Kadi hiyo ndiyo kila kitu. Ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi ya kununulia, ndiyo kitambulisho cha kutokea na kurudia. Kila ukishuka bandarini inapigwa kwenye mashine, sura yako inatokea kwenye kioo cha mlinzi, na meli inajua upo au haupo. Niliona ni teknolojia nzuri tu. Ilinichukua usiku mmoja kuelewa kwamba mtu anayejua umekunywa glasi ngapi, umeingia chumbani saa ngapi na umetoka mlango gani, siyo mhudumu tu. Ni serikali.

Na ni serikali kweli. Humo ndani nahodha ndiye rais, ndiye mkuu wa mkoa, ndiye OCD. Chini yake kuna msaidizi wake mkuu, huyu ndiye anayeshika mambo ya nidhamu, halafu kuna ofisa usalama na walinzi wake, ambao kwenye meli nyingi wanatoka Nepal, India na Ufilipino. Meli ikiwa bahari kuu inafuata sheria za nchi inayopeperusha bendera yake, na ukichungulia nyuma ya meli hizi utasoma majina ambayo hukuyatarajia: Nassau, Panama, Hamilton, Valletta. Kampuni inaweza kuwa ya Miami, abiria ni wa Nairobi, mhudumu wa Jakarta, na sheria ni ya Bahamas. Ikiingia ndani ya maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22 kutoka pwani ya nchi, sheria za nchi hiyo nazo zinaingia. Kwa hiyo ukileta vurugu kwenye meli inayokaribia Doha, usidhani ulevi wako ni wa Karibiani. Kule kuonekana umelewa hadharani ni kosa la polisi.

Haya yote uliyakubali. Lini? Ulipokata tiketi. Kwenye yale maandishi madogo ambayo mimi na wewe hatusomi, imeandikwa kwamba nahodha anaweza kukuzuilia chumbani, kukufunga, au kukushusha bandari yoyote akiona unahatarisha au unasumbua wengine, bila kurudishiwa senti, na nauli ya kurudi kwenu ni juu yako. Kampuni ya Carnival imeandika wazi kwamba anayevunja kanuni zao za mwenendo atatozwa dola 500, pamoja na gharama zote za kumzuilia na kumshusha. Unalipa hata mahabusu yako mwenyewe, bwana!

Lakini wengi hawafiki huko. Meli inaanza taratibu, kama mama mkwe mwenye adabu. Umeweka taulo kwenye kiti cha bwawani saa 12 asubuhi ukaenda kulala? Kampuni kadhaa zinakupa kama dakika 30 au 40, kisha mhudumu anakusanya vitu vyako na kiti anapewa mwingine. Umezidisha mtungi? Mhudumu wa baa anakuletea maji, anakupigisha stori, anachelewa kuja. Hata wale wanaonunua ile huduma ya kunywa bila kikomo, kikomo kipo: Carnival wao wameweka vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, baada ya hapo kadi inakataa. Ukiendelea, unaitwa pembeni na kuonywa. Ukirudia, unapewa barua chini ya mlango. Umevuta sigara kwenye kibaraza cha chumba? Hapo hakuna barua ya kirafiki, ni faini, na usione wanakuonea. Machi 2006 meli ya Star Princess ilishika moto usiku ikielekea Jamaica. Vyumba vingi viliteketea, abiria mmoja akafariki, na wachunguzi walihitimisha kwamba chanzo yawezekana kabisa kilikuwa kipisi cha sigara kilichotupwa na kuangukia kibarazani. Niliposoma hilo ndipo nilipoisamehe ile safari ya pasi yangu. Baharini hakuna pa kukimbilia.

Sasa tuje kwenye meza yetu.

Kwenye ukumbi wa chakula kila mtu anapangiwa meza, na sisi tulipangiwa jirani na mtu na mke wake kutoka Nairobi. Tulisikiana Kiswahili, tukasogeza viti. Watu wa rika letu, yeye yupo kwenye benki, mkewe ni mfamasia. Mume alikuwa mcheshi kupita kiasi, aliagiza kwa ajili ya meza nzima, akawataja wahudumu wote kwa majina yaliyoandikwa vifuani mwao. Mke alikuwa anacheka nusu sekunde baada ya sisi kucheka. Kile kitu wanawake tunakiona haraka. Nilimwambia mume wangu tulipoingia chumbani, "Yule dada anamwogopa." Akanijibu, "Umeanza uhariri wako."

Usiku wa pili meli ilikuwa inakata maji kuelekea Muscat. Tulikuwa kwenye baa ya juu, ile yenye mpiga kinanda. Kaka wa Nairobi alikuwa ameanza tangu mchana, bwawani. Saa nne na nusu hivi alikwenda kaunta kuongeza, mhudumu, kijana wa Kiindonesia mwembamba kama fimbo, akamwambia kwa upole kwamba kwa leo imetosha. Hapo ndipo nililisikia tena lile neno.

"Nimelipa! Hii kitu nimelipia!"

Mkewe akaenda kumshika mkono. Akamsukuma. Hakumpiga, na najua kuna watakaosema basi si kitu, lakini alimsukuma kiasi kwamba aliangukia meza ya kioo, na yule mhudumu alipozunguka kaunta kuja kumwinua dada wa watu, naye akasukumwa. Glasi zikamwagika, meza ikapasuka, kijana akachanika kiganja. Mpiga kinanda akaacha.

Sikuona aliyepiga simu. Nilichoona ni kwamba haikupita dakika mbili walinzi wanne walikuwa wameshafika, bila kelele, bila kukimbia. Wawili wakasimama kati ya yule bwana na watu wote. Mmoja akazungumza naye kwa sauti ya chini kabisa, kama anayembembeleza mtoto alale. Wa nne, mwanamke, alimfuata dada akampeleka upande mwingine kabisa wa ukumbi, akakaa naye mahali ambapo mumewe hawezi kumwona. Baadaye nilielezwa kuwa ndivyo wanavyofundishwa: tenganisha kwanza, uliza baadaye, na muulize kila mmoja peke yake.

Mpenzi msomaji, nataka nikwambie ukweli. Mimi nimekaa Kinondoni kwenye nyumba ya kupanga ambayo ukuta wake ulikuwa mwembamba. Jirani yangu alikuwa akipigwa. Nilikuwa naongeza sauti ya televisheni. Asubuhi tunakutana bombani, namuuliza za kwako, ananijibu nzuri. Mambo ya ndani ya mtu na mkewe, tunasema, ukiingilia watapatana na wewe utabaki mbaya. Pale melini nilimwangalia yule mlinzi wa kike akiandika kwenye daftari lake, na kitu kilinikaba kooni. Kwa meli, hakuna mambo ya ndani. Kila kitu ni ndani.

Asubuhi kijana anayetutandikia chumba alikuwa na habari kamili. Ni mtoto wa Likoni, Mombasa. Mbele ya wakubwa zake alikuwa ananiita "madam", tukibaki wenyewe ni "dadangu".

"Dadangu, humu ndani hamna siri," aliniambia huku akipanga mito. "Yule bwana kalazwa chumba kitupu huku nyuma, mlinzi kakaa kiti mlangoni mpaka alfajiri. Angelitaka vita, angelilala kule chini."

Kule chini ni wapi? Akaniambia. Kwenye ghorofa za chini kabisa, karibu na ofisi ya usalama, meli hizi huwa na mahabusu yake. Chumba kimoja au viwili, kuta ngumu, kitanda kilichofungwa sakafuni, choo, hakuna dirisha, kamera muda wote. Abiria wengi watasafiri miaka 20 bila kujua kipo. Kinatumika mara chache, kwa sababu nahodha hataki mgeni aliyefungwa pingu. Anataka mgeni aliyelala. Chumba kitupu na kiti mlangoni kinatosha kwa walio wengi. Pombe ikishuka, aibu inapanda.

Saa mbili asubuhi wakati meli inaingia Muscat, yule bwana alikuwa mbele ya msaidizi wa nahodha. Waliangalia picha za kamera pamoja. Yule mhudumu alikuwa ameandika maelezo, daktari wa meli ameandika yake, watu wawili wa meza ya jirani yao. Hakuna wakili, hakuna rufaa. Uamuzi ulikuwa mfupi: anashuka hapa hapa. Mkataba na safari vimeishia Oman.

Mimi sina hakika kama napenda mahakama ya namna hiyo. Mtu huyo huyo ndiye mwenye nyumba, polisi, hakimu na mpiga chapa wa hukumu, na bado ndiye anayekuuzia tiketi. Leo kaamua kwa haki, kesho je? Historia ya biashara hii inasema swali langu si la kipuuzi. Julai 2005 bwana harusi mmoja Mmarekani alitoweka kwenye meli kati ya Ugiriki na Uturuki akiwa kwenye fungate. Chini ya chumba chake kulikutwa damu. Hajaonekana mpaka leo, na familia yake ililalamika kwa miaka kuhusu jinsi jambo lile lilivyoshughulikiwa. Familia za watu waliopotea au kudhurika melini ziliungana, zikapiga kelele mpaka bunge la Marekani likasikia, na Julai 2010 Rais Obama akasaini sheria ya usalama wa meli za abiria. Kwa meli zinazogusa bandari za Marekani, kila mlango wa chumba lazima uwe na tundu la kuchungulia au kitu cha namna hiyo, kingo za meli zisipungue inchi 42, yaani kama sentimita 107, lazima kuwe na vifaa na watu wa kumhudumia aliyebakwa, na makosa makubwa yaripotiwe FBI. Takwimu zinatolewa hadharani kila robo mwaka, kwa jina la kampuni. Kabla ya hapo mengi yalikuwa yanaishia mezani kwa yule yule msaidizi wa nahodha.

Kwa hiyo mahakama ya meli inaweza kuwa kali kwa mlevi na laini kwa mhalifu. Yote mawili yameshatokea.

Turudi kwa dada. Uamuzi ulimhusu mumewe tu. Mlinzi wa kike alimweleza vizuri: tiketi yako haina tatizo, unaweza kubaki, tutakuhamishia chumba kingine ukitaka, unaweza pia kushuka naye. Chagua. Karatasi za uhamiaji za mumewe zilikuwa zinashughulikiwa na wakala wa meli pale bandarini, na zingechukua asubuhi yote. Mpaka saa sita awe ameamua.

Alikuja kukaa na mimi kwenye deki, na mtandio kichwani na miwani ya jua.

"Aki dada, nikibaki nitaonekanaje?" akaniuliza. "Mamake atasema nilimwacha ugenini. Nikishuka naye..." Hakumalizia.

Nilitaka kumwambia baki. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimjua kwa siku mbili tu, na nyumbani kwake sikuwajua. Nikabaki nimemshika mkono tu, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa wema au ni ile ile televisheni ya Kinondoni.

Swali lake, kumbe, ndilo swali la safari hizi zote. Niliporudi nyumbani nilianza kusoma visa vya wenzetu, na kila kisa nilichokuta kilikuwa na mtu wa pembeni asiyetajwa. Februari 2018, meli ya Carnival Legend ikiwa safarini kutoka Melbourne, ukoo mmoja ulipigana na abiria wengine siku kadhaa mpaka nahodha akaomba polisi. Polisi wa New South Wales walikuja na boti wakawateremsha watu 9 karibu na mji mdogo wa Eden. Lakini walioshuka jumla walikuwa 23. Wale 14 hawakufukuzwa. Walifunga mizigo wakawafuata ndugu zao. Oktoba 2019, mwanamke mmoja alipanda juu ya kingo za kibaraza cha Allure of the Seas ili apigwe picha nzuri akiwa na nguo ya kuogelea. Abiria mwingine akamwona, akaripoti. Aliteremshwa Falmouth, Jamaica, akafungiwa kusafiri na Royal Caribbean maisha yake yote, yeye na mwenzake aliyekuwa naye. Januari mwaka huo huo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imemfungia maisha kijana aliyejirusha baharini kutoka ghorofa ya 11 ya Symphony of the Seas pale Nassau, wenzake wakirekodi kwa simu huku wakicheka. Nao waliteremshwa pamoja naye.

Na kama unadhani sisi wa kurasa za mapenzi tunakuza mambo, sikiliza hili. Juni 2022 meli ya Carnival Magic ilikuwa inarudi New York alfajiri, ugomvi mkubwa ukazuka kwenye ukumbi wa dansi, watu kwa makumi, mpaka walinzi wa pwani wa Marekani wakaja kuisindikiza meli ile mpaka gatini. Abiria mmoja aliwaambia waandishi kwamba chanzo kilikuwa watu kutuhumiana usaliti wa kimapenzi. Usaliti! Ungekuwa Sinza mmoja angechukua bajaji akalale kwa dada yake. Meli haina bajaji.

Saa sita kasoro, dada alisimama. "Nabaki," akasema, akaenda kumsaidia kufunga sanduku, mlinzi akiwa mlangoni.

Tulimwona kutoka juu akitembea gatini na watu wawili, mmoja wa meli, mmoja wa bandari. Shati jeupe la juzi. Hakuangalia juu. Kulikuwa na watalii wanapiga picha milima ile myeusi ya Muscat, mawe matupu bila mti, na ile sanamu kubwa ya chetezo cha ubani iliyo juu ya kilima, na yeye yumo kwenye picha zao bila wao kujua.

Mchana tulimtoa dada twende naye mjini. Tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kuhusu bei ya teksi, mzee mmoja mwenye kanzu na kofia yake ya Kiomani akageuka. "Jamani, Kiswahili hicho! Mwatoka Bara?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu, marahaba. Ingieni."

Alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake 1964 akiwa na miaka sita. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu chenye shahada. Alitutembeza Mutrah, barabara ya ufukweni, sokoni ambako harufu ya ubani inakutangulia kabla hujaingia, akatuonyesha duka la halua ambalo kila nikisali naliombea. Njiani akamwangalia dada kwenye kioo. Wazee hawafichwi.

"Na bwana yako yu wapi, mwanangu?"

Kimya. Mume wangu akatazama dirishani.

"Ametangulia, mzee."

"Ametangulia," mzee akarudia, akaendesha kidogo. "Basi nunua halua. Ukimkuta umpe, usipomkuta utakula wewe."

Dada alicheka, na safari hii alicheka kabla yetu.

Tulirudi melini mapema, mimi nikihimiza kama mwalimu wa zamu, maana kuchelewa nako ni utovu wa nidhamu kwa meli, na meli haisubiri. Mwaka uliofuata, 2024, abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini kisiwani São Tomé. Meli ilikuwa bado imetia nanga, wanaiona kwa macho, nahodha akakataa kuwapokea. Iliwabidi wavuke nchi kadhaa za Afrika kwa ndege na magari mpaka wakaikuta Dakar. Nao walikuwa wamelipa.

Doha nitaipita haraka, Abu Dhabi pia. Majengo marefu unayajua kwenye picha, na msikiti mkuu wa Abu Dhabi unastahili makala yake. Kilichobaki kichwani ni meza yetu. Siku nne zote zilizobaki wahudumu waliendelea kutandika sahani mbili kwa dada, maana orodha ya jikoni haikubadilishwa. Usiku wa kwanza aliiangalia. Wa pili aliweka mkoba wake pale. Yule kijana wa Indonesia alionekana baa ya chini, bendeji mkononi, na dada alikwenda kumwomba radhi. Kijana alishtuka, akainama, akasema hakuna tatizo, madam. Nadhani huo nao ni wajibu wa kazi yake, kusema hakuna tatizo.

Siku ya mwisho bili ilisukumwa chini ya mlango. Ya dada ilikuwa na meza ya kioo, glasi, matibabu ya mhudumu, na ile huduma ya kunywa bila kikomo kwa siku saba, ingawa mnywaji alikunywa siku mbili. Vyote kwenye kadi yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandikisha kadi ya benki wakati wa kununua tiketi. "Nilimlipia mimi," akasema. "Ilikuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa." Ndiyo nikajua nani hasa alikuwa amelipa.

Tulishukia Dubai, nikapewa pasi yangu, ikiwa bado na kile kikaratasi. Ndege yake ilikuwa usiku kama yetu, tukachukua chumba kimoja cha hoteli Deira ili tuoge na tupumzike. Mume wangu akaenda kutafuta chaji ya simu. Dada akafungua sanduku lake sakafuni, akaniomba pasi.

Nilidhani ni ya gauni la safari. Alitoa shati la kiume, la bluu, ambalo lilikuwa limesahaulika kabatini. Akalitandika kitandani, akalinyoosha kola, mikono, mgongo, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza. Kisha akalikunja, akaliweka juu ya boksi la halua, akafunga sanduku.

Sikumuuliza. Nilimsaidia kulikalia ili zipu ifike mwisho.